Chetezo Kinachotembea

Luu hakuwa na haraka yoyote alasiri ile, na mtu kama Luu akikosa haraka, wenye vitu vyao wavitazame. Alikuwa ameketi kwenye kigoda cha plastiki kando ya reli, Hanoi, katika kile kichochoro ambacho nyumba zimeisogelea njia ya treni kiasi kwamba ukianika soksi dirishani lazima uzianue kila treni ikikaribia, la sivyo zitasafiri. Alikuwa akinywa chai ya Bibi Nhan, chungu kama dawa, na kutafuna peremende ya karanga ambayo bado hajaamua kuilipia.

Saa tisa na nusu treni ya kutoka kusini ikapita. Bibi Nhan, mwenye miaka sabini na mitatu na uzito wa gunia dogo la mchele, alilikumbatia birika lake na kungoja. Vikombe viligongana. Vijiti vya kulia vilichezacheza ndani ya kopo. Ukuta ulitema vumbi. Mtu mwingine angeitazama treni; Luu alitazama ndani ya nyumba, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Ndani mle, juu ya dari ya mbao iliyopandwa kwa ngazi, kulikuwa na madhabahu ya mababu, na juu ya madhabahu chetezo cha udongo kilichojaa majivu na vishina vya udi. Kilikuwa na rangi ya mfupa, na joka la buluu lililofifia limekizunguka kiunoni. Luu alikuwa amefanya kazi miaka minne katika duka la vitu vya kale, mpaka mwenye duka alipogundua kwamba mitungi inapungua ilhali wateja hawaongezeki. Joka lile alilijua. Lina kucha nne, shingo fupi na uso wa mtu aliyeamshwa vibaya, na mafundi walioweza kulichora hivyo walikwisha kufa zamani za wafalme. Kwa chetezo kile mtu angepata nyumba ya vyumba viwili ng'ambo ya mto, tena yenye kibaraza.

Peremende ilimkwama kooni, kwa sababu chetezo kilikuwa kinatembea.

Hakikutembea sana. Kilitetemeka, kikajizungusha kidogo, kikasogea unene wa unywele kuelekea ukingoni. Treni ilipokwisha kupita, nacho kikatulia, kama mtu aliyeonekana.

Luu akauliza kwa adabu kama ni macho yake.

"Macho yako mazima, mwanangu," alisema Bibi Nhan. "Kinatembea tangu niolewe humu."

Akamweleza, huku akirudisha birika mezani. Kila mwaka chetezo kilisogea upana wa vidole viwili. Kukisukuma kirudi alikuwa hathubutu, maana chetezo cha mababu hakiguswi ovyo. Ukikisogeza umeihamisha nyumba ya marehemu bila kumwambia, na baraka zote za watoto zinamwagika. Ruhusa ni mara moja tu kwa mwaka, kuanzia siku ya ishirini na tatu ya mwezi wa kumi na mbili, Bwana wa Jikoni anapopaa mbinguni kupeleka taarifa, na ni lazima dua isomwe kwanza. Mtawa aliyekuwa akimsomea alifariki mwaka jana kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo chetezo hakikurudishwa, na sasa kimebakiza vidole viwili kifike ukingoni.

Luu alisema kikianguka hasara itakuwa kubwa.

"Hasara gani, mwanangu? Mume wangu hana kaburi. Alikuwa fundi wa njia ya reli. Alikwenda kutengeneza daraja wakati wa mabomu, na hakikurudi kitu, hata kifungo cha shati." Alielekeza kidevu juu, kwenye dari. "Yuko pale. Hana pengine."

Luu aliguswa. Aliguswa kweli, machozi yakamlenga. Luu alikuwa na moyo mwepesi sana, na katika maisha yake yote hakuwahi kuuruhusu uingilie kazi. Alilipia chai, akalipia na peremende, jambo ambalo lingepaswa kumtia wasiwasi kila anayemjua, akaenda zake akipiga mluzi.

Baada ya siku tatu alirudi akiwa na kofia ngumu ya manjano, kizibao cha rangi ya chungwa, pimamaji ya waashi na sanduku la zana lenye kufuli. Mkononi alikuwa na kidude chenye sindano na taa nyekundu. Kilikuwa kimezaliwa mara mbili: nusu yake ilitoka kwenye mashine ya kufulia, nusu kwenye mizani ya jikoni. Alijitambulisha kuwa Mhandisi Phong, wa Kitengo cha Mitetemo.

Bibi Nhan alisema hajawahi kukisikia kitengo hicho.

"Hakisikiki, bibi," alisema Luu. "Chenyewe ndicho kinachosikiliza."

Akalala kifudifudi sakafuni, akaweka sikio chini, akangoja treni. Majirani walikusanyika mlangoni. Treni ilipopita, sindano ikaruka, taa ikawaka, na Luu akainuka akiwa na vumbi shavuni na huzuni ya daktari usoni. Akawaeleza. Gurudumu linapopita pale reli mbili zinapounganishwa, alisema, linagonga, na ardhi inalipokea pigo hilo na kulipitisha. Ardhi ya mji huu ni tope la mto lililokauka juu tu. Chini ni uji. Pigo linasafiri ndani ya uji huo mpaka kwenye msingi, kutoka msingi linapanda ukuta, kutoka ukuta linapanda dari, na kadiri linavyopanda ndivyo linavyochezesha zaidi, kama ncha ya mwanzi. Ndiyo maana chini kikombe kinalia tu, lakini juu chetezo kinatembea. Dawa yake ni kuikatia njia. Unaweka raba chini ya chetezo, ngumu upande wa chini, laini upande wa juu, na pigo linafia humo.

Hapa inabidi kukiri kwamba kila neno lilikuwa la kweli. Luu aliyasoma hayo katika kurasa za kitabu cha wahandisi alizofungiwa karanga sokoni, akarudi kununua karanga mpaka kitabu kikaisha. Mwongo wa kawaida hujenga kwa uongo mtupu, ndiyo maana jengo lake halikai. Luu alijenga kwa matofali ya kweli, akaacha uongo mmoja tu, ambao ulikuwa mlango wa nyuma.

Ila palikuwa na Mzee Khue. Mzee huyu aliishi nyumba ya pili, alikuwa msimamizi wa mafundi wa reli kwa miaka thelathini, na tangu astaafu alikuwa msimamizi wa kila kitu kichochoroni, pamoja na mambo ambayo hayakuhitaji msimamizi. Aliingia mikono mgongoni, akauliza raba hiyo itakuwa na unene gani. Luu akajibu, vidole viwili. Mzee Khue akauliza kwa nini ngumu iwe chini. Luu akajibu kwamba laini ikiwa chini, chetezo kitayumba kama mlevi kwenye mtumbwi. Mzee Khue akageuka akaitazama reli nje ya mlango.

"Ndivyo tulivyoweka chini ya reli pale darajani," alisema hatimaye. "Huyu kijana anajua kazi."

Tangu dakika ile alimwita mhandisi, na kichochoro kizima kikamfuata.

Mlango wa nyuma ulikuwa huu. Kuweka raba ni lazima chetezo kinyanyuliwe. Kukinyanyua ni lazima iwe siku ya ishirini na tatu, baada ya dua, nyuma ya kitambaa chekundu, kwa heshima ya mababu wasionekane wakiwa wamevuliwa nyumba yao. Na nyuma ya kitambaa chekundu, ndani ya sanduku la zana, kungekuwa na chetezo cha pili.

Hicho cha pili Luu alikiagiza Bat Trang, kijiji cha wafinyanzi, kwa mzee mmoja ambaye mikono yake ilikuwa haijawahi kukosea. Alimpelekea picha alizopiga akijifanya anapima nyufa. Alimwambia anataka chombo ambacho hata aliyezaliwa nacho nyumbani asiweze kukitofautisha. Mfinyanzi aliuliza ni cha nani. Luu akasema ni zawadi ya shangazi yake mpendwa. Mzee alikichoma, akakichovya kwenye chai iliyokolea, akakining'iniza juu ya moshi wa jikoni siku tisa, akakikabidhi. Hata kule kuamshwa vibaya kwa joka kulikuwemo.

Ikabaki dua. Kwa hilo Luu alimtafuta Dinh, aliyekuwa mwanafunzi wa hekaluni miaka sita kabla ya kufukuzwa kwa ajili ya pombe ya mchele. Dinh alijua ibada yote kwa lugha ya kale, ile ambayo watu huisikiliza kwa heshima kubwa na bila kuelewa kitu. Alikuwa amewahi kumdanganya mkewe, mwenye nyumba wake, polisi wawili na daktari wa meno. Lakini alikuwa na sharti moja, na alilitaja mapema wakiwa wanakunywa supu.

"Kaka, mimi wafu siwadanganyi," alisema. "Walio hai wanakasirika, halafu wanasahau. Wale wana muda."

Luu alimwambia ale supu yake. Alidhani ni namna ya kuomba nyongeza.

Siku ya ishirini na tatu kichochoro kilinukia udi kutoka nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho. Ndoo za samaki wa dhahabu, wa kumbebea Bwana wa Jikoni, zilipangwa kando ya reli. Bibi Nhan alikuwa amechemsha kuku mzima, akapika wali wa kunata, akavaa vazi lake la hudhurungi la kwenda hekaluni. Raba zilikuwa mezani, zimekatwa vizuri, na inafaa kusema kwamba zilikuwa raba nzuri sana. Luu hakupenda kazi ya ovyo.

Kabla ya kuanza, Bibi Nhan akatoa sharti. Waraka wa dua ubebe jina kamili la kila atakayegusa chetezo, mahali alikozaliwa na nyumba anakoishi. Marehemu lazima ajue ni nani amemshika. Luu akachukua kalamu bila kusita, akaandika kwamba yeye ni Mhandisi Vu Hoang Phong, akabuni kijiji, akabuni mtaa, akabuni na namba ya nyumba, kwa mwandiko wa kupendeza.

Dinh alipanda kwenye dari, akapiga magoti, akaufungua waraka. Aliona jina la Phong. Akatazama madhabahu. Kwenye picha ya zamani, iliyopigwa kabla ya mabomu, fundi wa reli mwenye masikio makubwa alikuwa akimtazama bila kupepesa. Dinh akaukunja waraka. Akagonga kengele yake ndogo, akafumba macho, akaanza kuimba kwa lugha ya kale, kwa sauti ya kuvuta, nzuri kiasi kwamba wanawake wawili mlangoni walijifuta machozi.

"Enyi mliotangulia," aliimba, "anayesimama mbele yenu si Phong. Ni Ta Van Luu, aishiye nyumba ya nane, kichochoro cha nyuma ya soko la kuku. Si mhandisi. Ndani ya sanduku lake mna chetezo cha pili kinachofanana na chenu. Atavibadilisha nyuma ya kitambaa chekundu, na chenu atakipeleka kwa Quynh, auzaye vitu vya kale. Mimi Dinh nimeahidiwa theluthi moja. Tafadhali msiniwekee theluthi tatu."

Luu alisimama chini ya ngazi, viganja pamoja, akiinamisha kichwa kila kengele ilipolia. Alifikiri kwamba Dinh, kwa kweli, ni fundi.

Sasa, kitu ambacho Luu hakukijua, na ambacho hakuna kurasa za kufungia karanga zingeweza kumwambia, ni kwamba Bibi Nhan alikuwa mjane kwa muda mrefu. Jioni za mjane ni ndefu. Alipofika miaka hamsini na tano alijiandikisha darasa la jioni hekaluni, kwa sababu alichoka kumwombea mume wake kwa maneno asiyoyajua. Alijifunza pole pole, akiwa wa mwisho darasani kila mwaka, miaka kumi na moja. Alielewa lugha ya kale kama anavyoelewa bei ya majani ya chai.

Hakupiga kelele. Alifikiri haraka. Akiwafichua sasa, sanduku liko juu karibu na chetezo, na Dinh yuko juu karibu na sanduku. Watakinyakua, watashuka ngazi mbio, na chetezo kitaishia vigae. Hilo halikubaliki. Halafu, dua imesomwa. Imesomwa vizuri, tena kwa ukweli kuliko dua yoyote iliyowahi kusomwa katika nyumba ile. Siku ni yenyewe. Ruhusa ipo. Na zile raba Mzee Khue amezikubali.

Kwa nini azipoteze raba?

Akatangaza kwa upole kwamba, kama wote wajuavyo, udi lazima uwake mpaka uishe kabla mgeni hajagusa kitu, na katika muda huo mjane hukaa juu peke yake. Dinh alijua ni kweli, akashuka. Luu akakumbuka sanduku lake, akapanda ngazi mbili kulifuata.

"Liache, mhandisi, nani ataliiba humu?" alisema Bibi Nhan. "Ufunguo tu nipe, niziweke na raba humo zisipotee. Njoo ule kuku wa baraka. Ukimkataa huyu utamuudhi marehemu, na alikuwa mtu wa hasira."

Luu alisema ufunguo una kutu, unahitaji mkono uliouzoea. Bibi Nhan akasema basi amfungulie tu kufuli. Majirani kumi na wanne walikuwa wanatazama, na mhandisi wa kweli haogopi bibi kizee kuona nyundo. Luu akapanda, akafungua, akasukuma mfuko wa magazeti uliokuwa na chetezo chini kabisa, chini ya misumeno, akashuka. Kikongwe yule angeinua vipi misumeno, alijiambia. Mzee Khue alimkalisha, akamjazia kikombe, akaanza kumsimulia historia ya mataruma yanayolaliwa na reli, yale ya mbao, kuanzia enzi za wakoloni.

Juu, Bibi Nhan aliinua misumeno. Mtu aliyebeba maji ya chai miaka arobaini huinua misumeno.

Alifungua magazeti, akavitazama vyetezo viwili, akavuta pumzi. Kisha akapiga magoti.

"Baba Hao," alimwambia mume wake, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama alivyomwita siku zote, "nakuhamisha kidogo. Utalala kwa wageni muda wa udi mmoja. Usikasirike, utarudi."

Akachota majivu kwa kijiko, kijiko cha mwanzo kwa mkono wa kulia, akayahamishia kwenye chetezo kipya, akachomeka vishina vya udi mahali pake, kimoja kimoja. Chetezo kipya akakiweka madhabahuni. Cha kale, kikiwa kitupu na chepesi, akakifunga kwenye magazeti yale yale, akakilaza chini ya misumeno. Udi ulikuwa umebakiza urefu wa ukucha. Chini, Mzee Khue alikuwa amefika kwenye mataruma ya zege.

Luu alipanda akiwa amevimba kwa kuku. Akatundika kitambaa chekundu, Dinh akapiga kengele, na nyuma ya kitambaa mikono ya Luu ikafanya kazi kama ya mchawi wa sarakasi. Alikiinua chetezo kilichokuwa madhabahuni kwa hofu takatifu. Hakuwahi kushika utajiri mkubwa hivyo. Akamimina majivu, akachomeka vishina. Kile cha kwenye magazeti akakiweka juu ya raba, ngumu chini, laini juu, akakinyoosha kwa pimamaji. Mwanga wa dari ile ulikuwa wa kuokoteza, jasho lilikuwa linamwingia machoni, na mfinyanzi wa Bat Trang, kama tulivyosema, mikono yake ilikuwa haijawahi kukosea. Muda wa kumenya chungwa, kazi ikawa imekwisha. Kitambaa kikashushwa. Watu wakashusha pumzi.

Treni ya saa sita kasoro ikapita. Vikombe viligongana, vijiti vikacheza, ukuta ukatema vumbi. Juu, chetezo kilisimama kimya kama mlima. Bibi Nhan alikuwa amechora mstari wa chaki mbele yake, mstari haukuguswa. Kichochoro kizima kikapiga makofi. Kila mwenye nyumba alitaka ya kwake iwekewe raba, leo, sasa hivi. Luu akaahidi kwamba atarudi baada ya mwaka mpya, akiwa na uhakika kabisa kwamba baada ya mwaka mpya atakuwa ng'ambo ya mto, kibarazani. Bibi Nhan alimfungia wali wa kunata kwenye jani la mgomba, akamshika mikono yote miwili, akamshukuru. Alimaanisha.

Quynh, mnunuzi wa vitu vya kale, alikigeuza chetezo juu chini, akakigonga kwa kucha, akalamba kidole na kukisugua kwenye kitako. Kisha akauliza kama shangazi alikipenda.

Luu akauliza shangazi gani.

Quynh alisema mfinyanzi mwenyewe alimsimulia, wakiwa wananunuliana kinywaji; kazi nzuri, yenye upendo, na kwa kuwa wamejuana siku nyingi atakinunua kwa bei ya sufuria. Luu alitoka mle akiwa na chetezo kwapani na kelele masikioni, akamkuta Dinh kwenye kibanda cha supu, akamshika kola. Dinh aliapa kwamba hakugusa kitu. Aliapa kwa mama yake, jambo lisilo na maana, kisha akaapa kwa bibi yake, aliyekwisha kufariki, na hapo Luu akalegeza mkono.

"Kwanza ningeibaje," alisema Dinh, "wakati nilishawaambia kila kitu?"

"Uliwaambia nani?"

"Wenyewe. Jina lako, nyumba yako, sanduku, Quynh. Lakini kwa lugha ya kale, kaka. Nani anaijua siku hizi? Labda bibi mmoja mmoja wa hekaluni."

Walitazamana. Supu ikapoa. Bibi Nhan alikuwa amevaa vazi la hudhurungi, na wote wawili walikuwa wameliona.

Asubuhi iliyofuata mlango wa nyumba ya nane, kichochoro cha nyuma ya soko la kuku, uligongwa. Nje alikuwepo Mzee Khue na baiskeli iliyosheheni raba za matairi ya malori. Alimsalimu Luu kwa majina yake yote matatu, akamjulisha kwamba vyetezo vinaruhusiwa kuguswa kwa siku saba tu, mpaka mkesha wa Tet, sikukuu ya mwaka mpya, na kwamba ziko nyumba kumi na sita zinamsubiri mhandisi wao. Luu akasema anaumwa. Mzee Khue akasikitika, akasema kituo cha polisi kiko njiani, wanaweza kupita wakamtafutie dawa.

Luu alivaa kofia yake ngumu.

Alipofika kwenye kijimeza cha chai aliketi kwenye kigoda, akaipokea chai, akashindwa kuinywa.

"Bibi, niambie tu niondoke na moyo mweupe. Kile kilichoko juu ni kipi?"

"Ni kile ulichokiweka kwa mikono yako mwenyewe, mwanangu. Tena umekinyoosha vizuri, sijawahi kukiona kimesimama hivyo."

"Na cha kwangu?"

"Si ulikichukua?" Alimwongezea chai. "Mume wangu jana ametulia mchana kutwa. Ni mara ya kwanza toka aondoke. Kwa hilo nitakuombea, na nina orodha ndefu, lakini nitakuweka karibu na mwanzo. Haya, nenda, nyumba ya tatu wamechemsha kuku tayari."

Akafanya kazi siku saba, mji mzima ukiwa unanunua matawi ya mipichi na mandimu ya kwenye vyungu. Alilala chini, akasikiliza, akakata, akanyoosha. Malipo yalikuwa kuku, na Mzee Khue ndiye aliyemjazia sahani kila mara huku akisimulia mataruma. Dinh alisoma dua kila nyumba, bila pombe, na kila nyumba alitaja jina kamili la Luu na mahali anapoishi, maana sharti la Bibi Nhan lilikuwa limeshakuwa desturi ya kichochoro. Watu walianza kumsalimu Luu barabarani. Mama mmoja alimwonyesha binti yake ambaye hajaolewa. Hali ilikuwa mbaya.

Siku ya tano, nyumba ya kumi na moja, alipanda kwenye dari, akainua macho. Chetezo kilichokuwa pale kilikuwa cha kijani, kijani ya jani changa la chai, chenye majoka matatu yanayofukuzana na ufa mmoja mwembamba uliozibwa kwa dhahabu. Kile cha Bibi Nhan kingekuwa mtumishi wake. Wenye nyumba walikuwa wanaweka kando yake kadi za simu zilizokwisha.

Luu alitoa pimamaji, akaikagua kana kwamba haijawahi kuonekana duniani. Alikuwa ametulia, uso wa mhandisi, macho ya mhandisi.

Nyuma yake Dinh alipiga kengele na kuanza. Aliwataja mababu wa nyumba ile mmoja mmoja. Alilitaja jina la Luu, nyumba ya nane, kichochoro cha nyuma ya soko la kuku. Kisha akasita, akautazama mgongo wa rafiki yake, na kwa ile ile sauti ya kuvuta iliyowaliza wanawake, akaongeza kwa lugha ya kale, taratibu na kwa ukamilifu, yale ambayo Luu alikuwa anayafikiria dakika ile.

Chini, Bibi Nhan aliyekuwa akipiga soga na wenyeji aliweka kikombe chake mezani.

"Mhandisi," aliita, bila kupandisha sauti, "acha sanduku huko juu, mwanangu. Shuka kwanza ule."